Betri ya kubeba au ya kufunga kwenye RV (gari la safari lenye nyumba ndani)?
Ukilala jangwani Arizona bila umeme wa kambi, betri ya kubeba ya wati-saa 2000 hivi ni raha, unachomeka ule waya mnene wa RV kwa adapta, soketi za ndani zote zinapata umeme, paneli za sola unazihamisha kufuata jua gari likiwa kivulini. Ila jamani zimeni kwanza chaja ya ndani ya RV! Mi nilisahau, betri ya kubeba ikachaji ile ya RV usiku kucha, asubuhi skrini yake inasoma 9%. Ya kufunga, lithiamu ya volti 12 ampea-saa 100, ina kama wati-saa 1280 tu lakini taa na pampu ya maji vinakula moja kwa moja bila inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), hakuna cha kubeba wala kuchomeka. AC inazimaliza zote haraka. Kwa wikiendi mi nachukua ya kubeba, umeme ukikatika nyumbani naitumia pia.