Amplifaya ya Valvu na ya Transista Mbele ya Ohmu 50

Amplifaya ya redio, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi, hulazimika kulinganishwa na kebo ya antena. Kebo ya antena ya redio ya ridhaa kwa kawaida ni ya ohmu 50, lakini anodi (sahani ya kutolea nguvu) ya valvu, yaani bomba lisilo na hewa ndani, inayotumia volti 2500 hutaka mzigo (ukinzani wa kile inachokilisha nguvu) wa ohmu elfu kadhaa, ilhali jozi ya transista inayotoa wati 100 kwa volti 13.8 hutaka takriban ohmu 4 tu. Ili kulinganisha, kwenye valvu mwendeshaji huzungusha kapasita inayorekebishika ya anodi hadi sindano ya mkondo ishuke, kisha kapasita ya upande wa antena hadi nguvu ipande, na hapo hata antena isiyolingana vizuri hupata kurekebishwa. Transista hulinganishwa kwa transfoma isiyobadilika. Kuhama bendi (eneo moja la masafa hadi jingine) ni rahisi, ila antena ikiwa mbali sana na ohmu 50, ulinzi wa amplifaya hupunguza nguvu. Kwa antena za waya zinazotundikwa mitini, nachagua valvu.