Ripoti ya Utendaji ya Meya wa New York: yasomeka vizuri, ila jihadhari na wastani

Ripoti hii, ambayo katiba ya jiji la New York inamtaka meya aitoe mara mbili kwa mwaka na ambayo imekuwapo tangu 1977, hupatikana bure mtandaoni, na kwa mlipa kodi asiye mhasibu ni rahisi kuisoma kuliko bajeti. Kila idara hueleza kwanza huduma na malengo yake. Kisha huja jedwali la takwimu halisi za miaka 5 ya fedha, lengo la mwaka, na mshale unaoonyesha iwapo tarakimu inatakiwa kupanda au kushuka. Mshale huo mdogo umenifaa sana: dakika za kuwasubiri zimamoto zikipungua ni heri, ilhali asilimia ya mitaa iliyo safi ikipungua ni balaa. Kinachonikera ni wastani wa jiji zima, unaowatia mkazi wa Bronx na wa Manhattan katika chungu kimoja. Aidha, baadhi ya viashiria havina lengo la tarakimu. Toleo la Septemba, linalofunga mwaka ulioishia Juni 30, ndilo la kusoma. Lile la awali, lenye miezi 4 tu, ni la kuonja.