Mstari mmoja kwenye logibuku: uzoefu wangu na chuo cha urubani na dirisha la leseni

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitajifanya nimepoa. Kama unafikiria kusomea urubani, nivumilie mpaka mwisho, maana mimi hakuna aliyeniambia haya, na waliopaswa kuniambia ndio niliokuwa nawalipa.

Habari za ndege zao ni za aina gani, simuleta ni ya lini, darasa lina viti vingapi, katazame mwenyewe. Mimi nina mstari mmoja tu wa logibuku wa kuusema, kile kitabu ambamo rubani huandika kila safari aliyoiruka. Huo mstari umekula karibu nusu mwaka wa maisha yangu.

Siku hiyo nilifika mapema dirisha la leseni, pale mamlaka ya usafiri wa anga wanapotoa leseni za marubani, faili kwapani. Kila kitu kilikuwamo: cheti cha afya cha daraja la kwanza, matokeo ya mitihani ya nadharia, fomu ya mtahini, na logibuku yenye saa 200 na ushee ambazo nilizijumlisha mara tatu kwa penseli usiku wa kuamkia siku hiyo. Moyoni nilishajiita rubani wa biashara, yule anayeruhusiwa kulipwa kwa kurusha ndege.

"Shikamoo mama," nilisema. Mama aliyekaa dirishani hakuitikia. Alivuta faili, akaifungua logibuku kurasa za nyuma, kidole kikaanza kushuka mstari kwa mstari. Hakunitazama usoni hata mara moja. Kidole kikashuka, kikashuka, kikasimama. Akageuza kalamu, akagonga karatasi mara mbili kwa kitako chake.

"Hapa hukusimama."

"Samahani mama?"

"Kiwanja cha kwanza. Umeandika umegusa ukaondoka. Hukusimama." Akalifunga faili, akalisukuma kwangu. "Karuke upya. Anayefuata!"

Ndivyo ilivyokuwa, hata dakika tano hazikufika. Miaka ya kusoma, kukopa na kuamka alfajiri kukagua mafuta, nikajibiwa kwa maneno yasiyojaza kiganja, mbele ya foleni nzima.

Niwaeleze wasiojua kilichotokea. Kanuni za leseni za marubani zina mzizi mmoja duniani, nao ni Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamiwa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Kila nchi huweza kuongeza masharti yake juu ya pale, kwa mfano Marekani kwa njia ya kawaida hudai saa 250 kwa leseni ya biashara badala ya 200. Lakini kati ya masharti ya msingi kuna safari moja ndefu ambayo lazima uiruke ukiwa rubani kiongozi, yaani mwenye dhamana ya ndege: isipungue kilomita 540, yaani maili 300 za baharini, na ndani yake utue na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kusimama kabisa. Sheria tunayofuata sisi inakaza zaidi, inataka viwanja hivyo viwili visiwe kile ulichotokea.

Mimi safari hiyo niliiruka. Maili zilitimia na zikazidi. Ila asubuhi ile mkufunzi wangu aliniita pembeni akaniambia, "Kiwanja cha kwanza gusa tu uondoke. Ndege inatakiwa hapa saa nane, kuna mwenzako anaisubiri." Nikafanya alivyosema. Magurudumu yakagusa lami, nikarudisha flapsi, vile vibawa vya nyuma ya mabawa, mkao wa kupaa, nikasukuma nguvu, nikaondoka. Nilisimama kiwanja cha pili tu, nikarudi, ndege ikakabidhiwa mwenzangu kabla ya saa nane. Jioni nikaandika kama nilivyoruka. Mkufunzi akasaini. Mkuu wa mafunzo akagonga muhuri. Watu wawili ambao kazi yao ni kuijua kanuni hii kuliko mimi waliuona ule mstari na wakaupitisha.

Nikiwa bado nimeduwaa pale nje, kijana aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alinifuata akaninong'oneza, "Kaka, ungeandika umetua tu. Nani angejua?"

Hilo liliniuma kuliko yule mama. Kwa sababu ni kweli, asingejua mtu. Nilikwamishwa na ukweli wangu mwenyewe. Lakini rubani ana nini zaidi ya hicho kitabu? Leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, inadai saa 1,500, na zote zinahesabiwa kuanzia kurasa hizi hizi za mwanzo. Ukichomeka uongo ukurasa wa kumi na tano unaubeba mpaka siku ya mwisho ya kazi, na siku ukikamatwa hauanguki mstari, inaanguka leseni. Halafu Ibara ya 33 ya mkataba ule inazitaka nchi nyingine zitambue leseni yako kwa sharti kwamba iliyotolewa haikupungukiwa viwango vya chini vya kimataifa. Yangu ingekuwa imepungukiwa, na mimi ningekuwa najua.

Nikarudi chuoni. Nilitegemea mtu aseme pole. Mkufunzi akacheka, akasema, "Dogo, hicho ni kitu kidogo, wengine wamepita hivyo hivyo." Mkuu wa mafunzo alikuwa mpole zaidi na ndiye aliyenitisha zaidi. Alinikalisha, akaagiza niletewe maji, akaniambia tutaandika ukurasa mpya, safi, yeye atasaini, na tarehe itabaki ile ile. Alisema kwa sauti ya mtu anayekusaidia kuhamisha meza.

Nikakataa. Nikawaambia mlikosea nyinyi, nirusheni tena safari ile kwa gharama yenu. Pale pale upole ukaisha. Saa za ndege ni saa za ndege, nikaambiwa, anayezitaka analipa. Kwa hiyo kosa lao nikalilipia mimi. Mpaka leo nikikumbuka ile risiti mikono inanitetemeka.

Na hapo ndipo nilipoanza kuikagua logibuku yangu kwa jicho la yule mama. Muda wa safari kwa mujibu wa kanuni huanza ndege inapotikisika kwa mara ya kwanza kwa nia ya kupaa, na huisha inaposimama mwisho wa safari. Chuo kilikuwa kinaniandikia tangu injini inapowashwa. Zile dakika za kukaa tu maegeshoni injini ikipasha, tunasubiri ruhusa, zote zilikuwa "saa". Nilikaa siku mbili nikiziondoa. Nilibaki juu ya 200, namshukuru Mungu, lakini kidogo mno.

Nikasubiri ndege. Kwanza ilikuwa kwenye matengenezo ya kila saa 100. Ilipotoka, mawingu yakashuka wiki nzima. Yalipopanda, kulikuwa na wanafunzi walionitangulia kwenye ratiba. Katikati ya kungoja huko cheti changu cha afya kikaisha muda, kwa maana cha leseni ya biashara huishi miezi 12 tu. Nikaanza upya: kipimo cha moyo, masikio, kusoma herufi ukutani, na zile kurasa za vidoti vya rangi za Ishihara ambamo unatafuta namba iliyofichwa. Macho yangu hayana tatizo na sijawahi kukosea hata namba moja, lakini siku ile kijasho kilinitoka kila ukurasa ulipofunuliwa. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kila anayeshika kalamu yupo kwa ajili ya kunirudisha.

Basi siku ikafika. Nikapaa alfajiri, peke yangu, njia ile ile.

Kiwanja cha kwanza, safari hii, nikatua na kusimama. Mnara ukaniambia nitoke kwa njia ya pili kushoto niende maegesho ya kaskazini. Nikapotea. Ndiyo, nilipotea chini, kwenye lami, na ndege yangu, katika kiwanja nilichokuwa nimeshakiandika kwenye kitabu kuwa nimekifika. Ikabidi nisimame, niombe mnara uniongoze hatua kwa hatua. Yule kijana wa mnarani alinisaidia bila kunidharau, Mungu ambariki.

Nilipofika maegesho nikazima injini. Propela ikajikokota mara ya mwisho, ikatulia. Kukawa kimya, kikabaki kile kimlio cha chuma kinachopoa. Nikashuka, nikapanda kwenye kikanyagio, nikafungua kifuniko cha tangi la bawa la kulia, nikazamisha kijiti cha kupimia mafuta. Nikakitoa, nikakitazama, nikakipangusa, nikakizamisha tena.

Mafuta yalikuwa chini ya hesabu yangu. Hayakuwa ya hatari, nisikuze mambo. Ila upepo wa mbele ulikuwa mkali kuliko nilivyopanga, nilikuwa nimekaa angani muda mrefu zaidi, na akiba niliyoiandika kwenye karatasi ya mpango haikuwamo tangini. Nikaongeza. Nikakaa kivulini mwa bawa, nikapiga upya hesabu za kipande kilichobaki kwa upepo wa kweli.

Nikiwa hapo nikakumbuka safari ile ya kwanza. Ile ya kugusa na kuondoka. Siku ile mafuta yalikuwa kiasi gani nilipopita hapa? Sijui. Geji za ndege ndogo si za kuziamini kuliko kijiti, na kijiti sikuzamisha, kwa sababu sikusimama. Nilifika kiwanja cha pili, nikaongeza bila kupima kwanza kilichobaki, nikarudi nyumbani nikicheka. Sitajua kamwe.

Kwa hiyo sasa niseme nini kuhusu yule mama? Nilianza kuandika nikiwa nimeshampa nyota moja, na hata hiyo moja nilimpa kwa kuwa chini ya hapo hakuna. Sasa sina uhakika. Kanuni aliyoishikilia ni ya haki. Mtu anayetaka kubeba abiria kwa malipo lazima awe amewahi kuteremka peke yake mahali asipopajua, akapima, akahesabu, akaondoka tena kwa akili yake. Katika mlolongo wote ule, yeye peke yake ndiye aliyesoma nilichoandika. Chuo kilisaini bila kusoma. Yeye alisoma bila kunitazama.

Lakini hapana, siwezi kuliachia hivyo tu. Sentensi mbili zingemgharimu nini? "Mwanangu, safari hii inataka usimame viwanja viwili, na sababu yake ni hii." Basi. Ningeondoka na huzuni lakini nisingeondoka nimevunjwa. Watu wanaacha urubani kwa majibu kama yale, nawajua. Ukali si usalama. Nikifika hapo hasira inarudi yote kama ilivyokuwa.

Na chuo? Hapa ndipo moyo unapogawanyika. Mkufunzi yule yule aliyeniambia gusa uondoke ndiye aliyenifundisha kutua kwenye upepo wa ubavuni, na alinifundisha kweli. Mpaka leo nikishuka upepo ukinisukuma pembeni nasikia sauti yake: bawa la upepo chini, pua kwenye mstari, usikimbie. Nisingekuwa rubani bila yeye. Kwa ufundi wa kuruka ningewapa nyota nne. Kwa ile leseni ya binafsi niliyoanza nayo, isiyoruhusu kulipwa, walinisimamia vizuri pia, kwa sababu nilikuwa chini ya mkufunzi mwingine, mtu mzima ambaye baadaye aliondoka. Yule alinisomesha kanuni neno kwa neno kabla hajaniachia ile safari fupi ya maili 150, na akaniuliza kabla ya kuwasha: "Utasimama wapi na wapi?" Nisipojibu haondoki mlangoni.

Lakini ile meza, yale maji, ule ukurasa mpya wenye tarehe ya zamani! Hapana. Nyota moja. Nilikuwa nimeandika mbili hapa juu, nimezifuta.

Mkienda kujiunga, hapo au kwingine kokote, waombeni wawaonyeshe kanuni yenyewe, si muhtasari wao, na siku ya safari ndefu muisome nyinyi wenyewe usiku wake. Ndege ikitakiwa saa nane, mwambieni mwenye haraka aahirishe.

Nilirudi dirishani wiki chache baada ya safari ile. Alikuwepo yeye yule. Nikamwamkia, akanyamaza, akavuta faili. Kidole kikashuka kikasimama pale pale kwenye mstari wa zamani. Sikuwa nimeukata wala kuufuta, niliuacha na maneno yake: kugusa na kuondoka. Akafunua kurasa mbili mbele, akaukuta mpya, akasoma nyakati za kutua na za kupaa, viwanja viwili, akazijumlisha kwa midomo.

"Ule wa mwanzo umeuacha," akasema.

"Ndiyo mama. Niliruka hivyo."

Akagonga muhuri. Akanisogezea karatasi ya kusaini, na kwa mara ya kwanza akainua macho. "Marahaba," akasema.

Juzi chuo wamenitumia ujumbe. Wananipongeza, wanaomba niwaandikie maneno mazuri na niwape picha yangu nikiwa na sare waitundike ukumbini na wenzangu waliofaulu. Maneno ndiyo haya. Picha sitoi.