Siku mbili na barua za Aurel Stein, Oxford

Nilifuata habari za Dunhuang, mji wa kale wa jangwani huko China wenye mapango ya Kibudha, nikaishia kusoma habari za mbwa. Sijutii.

Kwa asiyemfahamu, Stein alizaliwa Budapest mwaka 1862, akabobea katika lugha za kale za Asia, kisha akazeekea kwenye magofu ya jangwa la Asia ya Kati. Karatasi zake ziko Maktaba ya Bodleian, na ukitaka kuzishika unakwenda jengo la Weston.

Utaratibu kwanza, maana ndiko wengi wanakokwama. Faili unaliagiza mapema. Usifike ukadhani utapewa papo hapo. Kabla ya kupata kadi nilikula kiapo kwamba sitaondoka na kitabu, sitakichafua, wala sitawasha moto humo ndani. Nilitaka kucheka, lakini mhudumu alikuwa kakaza uso. Begi na kalamu ya wino vinabaki nje, unaingia na penseli. Glavu nyeupe za kwenye filamu sikuziona: mikono iwe misafi na mikavu, basi. Faili nililopewa niliruhusiwa kulipiga picha kwa simu yangu bila malipo.

Kuhusu simu, tahadhari. Kabla ya safari nililipia programu inayojinadi kuwa inasoma mwandiko wa mkono (jina lake nalihifadhi). Iliniletea sentensi zisizo kichwa wala miguu. Pesa imekwenda. Mwandiko wa zamani unausoma kwa macho yako mwenyewe, na asubuhi nzima ya kwanza nilimaliza kurasa chache tu.

Niliomba barua alizomwandikia rafiki yake Percy Stafford Allen. Huyu Allen kazi yake ilikuwa kukusanya na kuhariri barua za Erasmus, msomi wa Kiholanzi wa zama za Renaissance, kwa hiyo haishangazi kwamba za swahiba wake nazo hazikuishia jalalani. Ndiyo raha ya mafaili haya: kitabuni unakutana na msomi aliyevaa suti, kwenye barua unakutana na mtu kambini. Mbwa wake, kwa mfano. Alifuga kadhaa, mmoja baada ya mwingine, wote akiwaita Dash, na mmoja wao alimaliza safari za jangwani akaja kuishi hapa hapa Oxford kwa akina Allen.

Halafu unafika mwaka 1907, na raha inapungua. Stein na katibu wake, Jiang Xiaowan, walimshawishi Wang Yuanlu, mtawa wa Kitao aliyekuwa akitunza mapango ya Dunhuang, auze maandiko ya kale. Yalijaa makasha 24, na mengine matano ya michoro na vitambaa, kwa pauni 130. Sutra ya Almasi, andiko takatifu la Kibudha lililochapwa mwaka 868, iliondoka katika safari hiyo. Mwaka uliofuata Stein alipoteza vidole vya mguu kwa baridi kali milimani, na ukisoma unamwonea huruma kweli. Lakini Wang unamsikia kwa mdomo wa mnunuzi tu. Nilirudisha faili nikiwa nimenuna kidogo.

Ukienda, usiishie kwenye mafaili ya Stein. Mwaka huo huo wa 1907, kwenye mnara wa ulinzi magharibi ya Dunhuang, alichimbua barua za Wasogdia, wafanyabiashara wa kale wa Asia ya Kati, za mwanzoni mwa karne ya 4, ambazo hazikuwafikia wenyewe. Siku hizi zinatazamwa bure mtandaoni, kwenye Programu ya Kimataifa ya Dunhuang. Mojawapo ni ya Miwnay, aliyetelekezwa na mumewe mjini Dunhuang akiwa hana hela. Anamwambia heri angekuwa mke wa mbwa au wa nguruwe kuliko kuwa mke wake. Niliisoma usiku kwenye basi la kurudi, nikawasahau akina Dash wote.

Nyota nne kati ya tano. Maktaba haina kosa. Ya tano nimemnyima Stein.