Barua ya rejista kwa marafiki wa kalamu Burundi: ya kwanza hufika, kazi iko kwenye ya pili

Tunachokipima hapa ni huduma moja tu ya Posta: barua ya rejista, yaani yenye namba ya kuifuatilia, kutoka Mombasa kwenda Burundi, ikitumiwa na kikundi cha vijana chenye marafiki wa kalamu huko. Barua ya kawaida ni ya bei rahisi, lakini haina namba, na ikipotea huna pa kuanzia kuuliza. EMS ni ya hati za haraka; salamu za kijana wa Majengo hazihitaji mbio hizo. Rejista iko katikati, nasi tunaipa nyota nne kati ya tano.

Burundi kwa nini? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1993 baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 2000, lakini kundi la mwisho kubwa la waasi halikuweka silaha chini hadi 2009, na mwaka 2015 nchi ikatikisika tena. Kijana wa miaka 16 leo hakuviona vita vile. Amelelewa na waliovikimbia. Sisi wa Pwani tuna faida moja ambayo vikundi vya Ulaya havina: Kiswahili. Buyenzi, mtaa mmoja wa Bujumbura, umekizungumza kitambo, na shule za msingi za nchi nzima hukifundisha. Ukitoka mjini, Kirundi ndicho kinachotawala, kwa hivyo andika sentensi fupi na Kiswahili sanifu. Sheng iache nyumbani. Anza na "Amahoro", salamu ya Kirundi yenye maana ya "amani", yatosha.

Sasa uzito, maana ndipo pesa zinapovujia. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80, ina gramu 5. Bahasha ndefu ya barua ina kama gramu 5 nyingine. Daraja la kwanza la bei kwa barua ya nje huishia gramu 20, yaani karatasi tatu na bahasha, basi. Ukitia picha moja iliyosafishwa studio umevuka, nawe unalipa daraja la juu kwa ajili ya gramu tatu nne. Mwambie karani apime kabla hujabandika stempu.

Ila kikundi chenye akili hakitumi barua mojamoja. Barua kumi za ukurasa mmoja mmoja ni gramu 50. Ongeza karatasi ya orodha ya majina na bahasha kubwa, jumla ni kama gramu 65. Ada ya rejista hulipwa mara moja badala ya mara kumi. Usizitie kwenye bahasha ndogo ndani ya kubwa, huo ni uzito wa bure. Kila barua ikunjwe, jina la mpokeaji liandikwe kwa nje, na msimamizi wa upande wa pili aweke alama kwenye orodha anapogawa.

Andika kwa bairo. Kalamu ya jeli hupendeza, lakini tone moja la maji huifanya ukungu. Masika yetu pia ina mambo yake: bahasha za gundi ya kulamba hujifunga zenyewe kabatini, ndiyo sababu wajuzi huziweka kwenye mkebe wa biskuti. Selotepu isipite juu ya stempu, mhuri hautashika.

Anwani ya huko huandikwa B.P. pale sisi tunapoandika S.L.P., na BURUNDI kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Ya kwenu iwe nyuma, pamoja na msimbo 80100 kama sanduku lenu liko Posta kuu, Digo Road. Risiti itakuwa na namba ya herufi na tarakimu 13, inayoanza na R na kuishia KE. Ipigwe picha hapohapo kaunta, kwani wino wa risiti hupauka.

Nyota iliyopungua ni ya majibu. Huduma hii haina njia ya kumlipia mwenzako stempu ya kurudisha. Wageni wa mambo haya hutia stempu za Kenya ndani ya bahasha, na hizo Bujumbura ni urembo tu: stempu hutumika katika nchi iliyoitoa. Kwa hivyo barua ya kwanza hufika, inasomwa, inapendwa, kisha kimya. Huku Mombasa watoto husema wamedharauliwa, kumbe mwenzao amekosa nauli ya barua. Msaada wenye maana ndio huo, kuchangia ada ya bahasha moja ya majibu ya pamoja, kupitia mtu mzima mmoja huko anayerudisha risiti. Noti ndani ya bahasha, hapana kabisa. Leso pia hapana: moja hupita gramu 100, na si karatasi tena, ni bidhaa ya forodha inayotaka fomu ya CN 22.

Walio chini ya miaka 18 watumie anwani ya shule au kikundi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, basi fomu ya idhini itangulie picha na majina. Na swali la "wewe ni Mhutu au Mtutsi" msimamizi alikate kwa wino mweusi. Akitaka, mwenyewe atasema siku yake.

Kalenda ndiyo huangusha wengi. Mwaka wa shule wa Burundi huanza Septemba, likizo ndefu ni Julai na Agosti. Wetu huanza Januari. Bahasha ya mwisho wa Juni hukuta mlango umefungwa, na majibu ya Novemba hukuta sisi tumefunga. Februari ni mwezi salama wa kutuma. Ufunguo wa sanduku ushikwe na watu wawili, asije mmoja akaenda chuo nao mfukoni, na kodi ya sanduku ilipwe kila mwaka, la sivyo linafungwa na majibu yamo ndani.