Mfuko wa sodo za kufua kutoka kwa wageni wa misheni: unafaa, ila usiugawe kama ulivyokuja

Kila Juni na Julai, shule za Marekani zikifunga, vikundi vya makanisa hushuka Kisumu na masanduku yao. Siku hizi ndani hamna peremende na kalamu tu. Mna mifuko midogo ya kitambaa chenye maua, imefungwa kwa kamba, kila mmoja wa msichana mmoja, na ndani yake kuna sodo za kufua. Walimu wa Seme, Nyakach na Vihiga wanaijua vizuri. Mchoro wa kushonea unaoigwa zaidi ni wa shirika la Days for Girls, lililoanza mwaka 2008 baada ya Mmarekani Celeste Mergens kupata habari za wasichana wa kituo cha watoto hapa Kenya waliokuwa wakikalia makadibodi siku zao za hedhi. Vikundi vya akina mama makanisani hushona kwa kuufuata, wengine kwa kuubadilisha kidogo, na mabadiliko hayo madogo ndiyo huleta shida nyingi.

Mfuko kamili una vibebeo viwili, vitambaa vinane vya kunyonya, chupi mbili, kitaulo kidogo, kipande cha sabuni, mfuko wa kuwekea zilizotumika na karatasi ya maelekezo. Kibebeo hukaa juu ya chupi. Kina mabawa mawili yanayokunjwa chini na kushikana kwa kifungo cha kubonyeza, na katikati ya tabaka zake kuna kitambaa chenye utando mwembamba usiopitisha maji, ambacho mafundi hukiita PUL. Kila ncha ina kijifuko. Kitambaa cha kunyonya ni flaneli ya pamba: hukunjwa mara tatu, ncha zikachomekwa kwenye vijifuko hivyo. Ukikikunjua unapata mraba mtupu kama hanchifu.

Akili ya kifaa iko hapo. Mraba ukining'inia kambani, shemeji au mpangaji wa nyumba ya pili hajui ni nini. Na kwa kuwa umekunjuka wote, sabuni na jua vinafika kila mahali. Sodo iliyoshonwa nene kipande kimoja, ambayo vikundi vingine huleta kwa sababu ni nyepesi kushona, hubaki na unyevu katikati hata nje ikishikika kavu. Siku ya pili inanuka, na msichana anaiacha. Ukipewa nafasi ya kuchagua, kataa hiyo.

Chupi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Wageni hununua saizi za watoto kwa sababu wameambiwa ni za wanafunzi, lakini msichana wa gredi ya nane au ya tisa mara nyingi anahitaji saizi ndogo ya mwanamke mzima. Ikiwa ndogo inambana na haivai. Ikiwa kubwa, au lastiki ikiwa imelegea, kibebeo kinateleza nyuma na damu inapitia pembeni. Hapo lawama inaiendea sodo, kumbe sodo haina kosa. Kabla ya kugawa, panga chupi mezani kwa saizi tatu na mwache kila msichana achukue yake mwenyewe nyuma ya pazia. Kama haziendani, afadhali kuziondoa kwenye mfuko na kununua nyingine mjini kuliko kutoa zisizokaa.

Je, vitambaa vinane vinatosha? Inategemea mvua. Siku mbili za kwanza msichana hubadilisha kila baada ya saa nne au tano, na usiku huweka viwili pamoja, kwa hiyo siku moja inakula vitano au sita. Akiwa Nyalenda au Ahero, tambarare ya karibu na ziwa, mwezi wa Januari, alivyofua jioni vikaanikwa asubuhi vinakuwa vikavu kabla ya saa tisa alasiri, na mzunguko unaenda bila kukwama. Mpeleke msichana huyo Kaimosi, milimani Vihiga, mwezi wa Aprili. Mvua inapiga karibu kila alasiri, kitambaa kinachukua siku mbili kukauka, na siku ya tatu ya hedhi hana kikavu hata kimoja. Anavaa chenye unyevu, anapata upele mapajani. Kwa Vihiga na Kakamega, omba vitambaa 12 na vibebeo vitatu. Kwa alama zetu, mfuko wa vinane ni 7 kwa 10 kando ya ziwa wakati wa kiangazi, na 4 kwa 10 milimani wakati wa masika.

Kufua kuna utaratibu wake, nao haumo kwenye karatasi ya maelekezo kama unavyopaswa kuwamo. Maji yawe baridi: ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi na doa halitoki tena. Loweka kwenye karai yenye lita mbili hivi kwa nusu saa, ukitia chumvi kidogo kama ipo, kisha mwaga. Sugua kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato kwenye lita tatu, halafu suuza kwa lita nyingine tatu. Jumla ni lita nane, chini ya nusu ya mtungi wa lita 20, kiasi ambacho msichana wa mtaa wa Obunga, Kisumu, anayenunua maji kwa mtungi anaweza kukitenga.

Vitambaa hivi huwa vya rangi nzito kwa makusudi, doa lisionekane. Lakini rangi inayoficha doa inaficha pia damu iliyobaki. Kwa hiyo msichana asiangalie kitambaa, aangalie maji. Akamue juu ya karai nyeupe au kiganja, na maji yakiwa bado na wekundu au yanateleza kwa povu, arudie. Sabuni iliyobaki inawasha kuliko damu yenyewe. Visabuni vidogo vya hotelini ambavyo wageni hutia ndani vina manukato. Vitoe, waachie wasichana wanawie mikono.

Jiki usiweke hata tone kwenye kibebeo. Inakula ule utando, nao ukishaanza kupasuka kama gamba, kibebeo kimekwisha. Dawa ya kulainisha nguo nayo inapaka flaneli kama mafuta hadi inakataa kunyonya. Pasi ya makaa inaruhusiwa kwa vitambaa vya kunyonya peke yake, na wakati wa mvua ndiyo mwokozi, kwa kuwa inamalizia unyevu uliobaki. Ikigusa kibebeo, utando unayeyuka na kunata kwenye pasi ya mama.

Kuanika ni vita nyingine. Wengi huficha chini ya godoro, na hapo ndipo kuvu huanzia. Njia inayofaa ni kuanika juani na kutandaza leso nyepesi juu; hewa inapita, macho hayapiti. Shule za bweni zitenge kamba nyuma ya bafu la wasichana, juu iezekwe kwa bati linalopitisha mwanga. Mabati mawili yanatosha kamba ya mita tano, na ni msaada mzuri wa kumwomba mgeni kuliko sanduku jingine la mifuko.

Kuhusu mifuko ya plastiki ya kubana ambayo vikundi vingine hutia kwa ajili ya kubebea zilizotumika: msiigawe. Mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungashia imepigwa marufuku nchini tangu 28 Agosti 2017, na shule haina sababu ya kujitafutia maneno na NEMA, mamlaka ya mazingira. Fundi anaweza kushona mfuko wa PUL wenye kamba kwa dakika kumi.

Hapo ndipo tunapokosana kidogo na utaratibu mzima wa kuleta mifuko iliyokamilika. Soko la Kibuye, Kisumu, hasa Jumapili, unapata shuka za flaneli za mitumba, kitambaa kikubwa na kilekile laini. Mafundi cherehani wapo pale na soko la Jubilee, na mchoro wanaushika siku moja. Kigumu kupata Kisumu ni PUL nzuri na vifungo vya plastiki vya kubonyeza pamoja na koleo lake. Mafundi wakikosa PUL huweka kitambaa cha mwavuli au plastiki ya kutandika mezani. Cha mwavuli kinavuja kwenye mshono. Cha meza hakipitishi hewa kabisa na kinaleta upele. Kwa hiyo sanduku moja la PUL na vifungo, likiwa na koleo mbili, linazaa mifuko mingi kuliko masanduku manne yaliyojaa mifuko tayari. Tena fundi anabaki hapa wageni wakiondoka. Kibebeo kikiharibika Septemba, Ohio, Marekani, ni mbali.

Kwa hesabu ya mfukoni: pakiti ya sodo nane za kutupa ni kati ya shilingi 60 na 100 maduka ya mtaani, na msichana anatumia pakiti mbili kwa mwezi. Kwa shilingi 80, hiyo ni shilingi 1,920 kwa mwaka. Mfuko ukitunzwa unafika miaka miwili au mitatu. Isitoshe, za kutupa hujaza choo cha shimo upesi. Lakini kwa msichana asiyeweza kujifulia, mfano mwenye ulemavu wa mikono, au mahali ambapo maji yamekatika kwa wiki nzima, za kutupa ndizo zinazofaa, usimlazimishe. Sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka serikali impe sodo bila malipo kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma, zikiwemo zile zinazofadhiliwa na makanisa. Mfuko wa wageni usimpe mkuu wa shule kisingizio cha kutodai mgao huo.

Barua za kuchangisha hupenda kusema mfuko huu utamrudisha msichana darasani. Hapo wapunguze. Utafiti wa majaribio uliofanywa Gem, Siaya, katika shule za msingi 30, ukilinganisha vikombe vya hedhi, sodo na hali ya kawaida, haukuona tofauti katika kuacha shule. Ulichoona ni maambukizi machache ya magonjwa ya zinaa kwa waliopewa vifaa. Hilo halishangazi mtu anayejua kwamba magharibi mwa Kenya kuna wasichana wanaokiri kushiriki ngono ili wapate pesa za sodo. Faida hiyo ni kubwa vya kutosha. Haina haja ya kuvishwa kanzu nyingine.

Na kwa sababu ya hatari hiyo ya ngono kwa ajili ya sodo, mgawaji asiwe mwanamume, hata akiwa kasisi wa shule. Awe mwalimu wa kike wa ushauri au mhudumu wa afya ya jamii anayekaa kijiji hicho, maana maswali halisi huja wiki mbili baadaye, si siku ya sherehe. Mgeni akae nyuma. Kamera zikae kwenye gari. Msichana wa miaka 13 hapaswi kupigwa picha akiinua chupi juu kama kombe. Kadi ya aya ya Biblia ambayo wageni hutia ndani haina ubaya, wasichana huifanya alama ya kitabu, ila mfuko usifungwe kwa sharti la nani alifika ibadani. Hesabu ya mifuko ni majina ya wasichana wa gredi ya sita hadi ya tisa, ongeza kumi kwa kila mia kwa wanaohamia, na iliyobaki ifungiwe kwa mwalimu huyohuyo.

Kitu cha kwanza kuharibika ni kifungo cha kubonyeza, kwa kawaida kwa kuvutwa kwa bawa badala ya kubanduliwa kwa ukucha. Usitupe kibebeo. Shona kifungo cha kawaida cha shati, bapa, upande wa chini ili kisiguse ngozi, na bawa la pili likatwe tundu dogo lililozungushiwa uzi.