Kazi ya Kocha Luke Richardson Chicago Blackhawks: Tathmini ya Misimu Isiyofanana

Luke Richardson alifukuzwa Chicago Blackhawks tarehe 5 Desemba 2024 akiwa ameshinda michezo 57 kati ya 190, na kwa msomaji anayetazama msimamo wa ligi ya hoki ya barafuni ya NHL peke yake, hukumu ilikwisha kutolewa. Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba inajumlisha kazi mbili tofauti ambazo kocha huyu alipewa chini ya cheo kimoja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusimamia timu iliyobomolewa kwa makusudi. Hata majuma mawili hayakupita tangu aajiriwe mwaka 2022 kabla meneja mkuu, Kyle Davidson, hajampeleka Ottawa Alex DeBrincat, aliyekuwa amefunga mabao 41 msimu uliotangulia, na siku hiyohiyo Kirby Dach akaenda Montreal. Februari 2023 ikawa zamu ya nyota Patrick Kane kuondoka. Kwa kuwa NHL huzipa timu dhaifu nafasi kubwa zaidi katika bahati nasibu ya kuchagua chipukizi, uongozi ulikuwa ukifaidika na vipigo vilevile vilivyoandikwa kwa jina la kocha, na matunda yake yalikuwa Connor Bedard, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2023. Msimu uliofuata Bedard alivunjika taya, Taylor Hall akaumia goti baada ya michezo 10 tu, na timu ikamaliza ya pili kutoka mwisho. Sioni kocha ambaye angeipandisha timu ile kwa kiasi cha kuhesabika.

Kinachopimika katika kipindi hicho ni vijana. Richardson, ambaye mwenyewe alicheza michezo 1,417 ya NHL kama beki, alimkuza Alex Vlasic hadi akawa beki wa kutegemewa, na hilo ni jambo la kumpongeza bila kusita. Upande wa mashambulizi hali ni nyingine: Lukas Reichel alidumaa, na sikuona mpango wa kueleweka wa kumtoa alipokwama.

Kazi ya pili ilianza majira ya joto ya 2024, Davidson alipowasajili wazoefu kama Tyler Bertuzzi na Teuvo Teräväinen. Hapo udhuru wa kikosi chembamba ulipungua nguvu. Bedard alipitia ukame mrefu wa mabao, akahamishwa kutoka katikati kwenda pembeni, na baada ya michezo 26 Blackhawks walikuwa mkiani mwa ligi wakiwa na pointi 18. Kwa miezi hiyo miwili lawama zinamstahili, ingawa si zote, maana wazoefu hao hawakuwa nyota wa kubeba timu.

Anders Sorensen, aliyeshika nafasi yake kwa muda, alipata pointi 43 katika michezo 56, yaani wastani wa 0.77 dhidi ya 0.69 ya mtangulizi wake msimu huo. Tofauti hiyo ni ndogo, tena Sorensen alipewa mshambuliaji kijana Frank Nazar, ambaye Richardson hakuwa naye msimu huo. Kwa hiyo kumfukuza kocha kulibadilisha matokeo kidogo mno kuliko wengi walivyotarajia, na Jeff Blashill, aliyeajiriwa kuwa kocha mkuu Mei 2025, analijua hilo kuliko yeyote: timu ya Detroit chini yake ilishinda michezo 17 tu kati ya 71 msimu wa 2019–20, na uongozi ukambakisha.